Uzamili wa saikolojia ya jinai kwa mtandao: kabla hujalipa ada

Mkuu, umeuliza kama askari magereza mwenye digrii ya sheria anaweza kusoma uzamili wa saikolojia ya jinai kwa mtandao kutoka Uingereza, kisha aitwe mwanasaikolojia. Kusoma, ndiyo. Kuitwa, hapo ndipo wengi wanapoliwa hela.

Uingereza, cheo cha mwanasaikolojia wa forensiki, yaani huyo wa jinai, kinalindwa na sheria. Hukitumii bila kuwa kwenye rejista ya HCPC, baraza la huko linalosajili wataalamu wa afya na saikolojia. Njia ya kawaida ni digrii ya saikolojia inayokubaliwa na BPS (chama cha wanasaikolojia cha Uingereza), uzamili wa forensiki wenye ithibati yao, halafu miaka 2 au zaidi ya kazi chini ya msimamizi. Kozi nyingi za mtandaoni zenye majina matamu hazina ithibati hiyo. Si mbovu, zinamfaa mpelelezi au afisa ustawi wa jamii, ila usizinunue kama leseni. Wewe wa sheria ungeanza na kozi ya kubadili fani kwanza. Na TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, waulize mapema, kwa maandishi, kama cheti hicho watakitambua.

Muda: uzamili wa kule ni krediti 180, kila moja saa 10, jumla saa 1,800. Ukiugawa kwa miaka 2, kila mwaka wiki 45 za masomo, ni saa 20 kwa wiki. Kwa mtu wa zamu za usiku, si mchezo.

Panapokwamisha hasa ni tasnifu. Kila mtu anataka kuhoji wafungwa. Hapo utahitaji kamati ya maadili ya chuo, kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ruhusa ya Magereza yenyewe. Nawe umevaa sare: kamati itauliza mfungwa anawezaje kumkatalia askari anayeshika funguo, na jibu zuri huna.

Badala ya wafungwa, tumia hukumu za mahakama. TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure. Chukua mada ya utambuzi wa mshtakiwa kwa macho: tangu Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, mahakama hupima shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga ukoje, na kama alimfahamu kabla. Hayo hayo ndiyo watafiti wa kumbukumbu huyapima maabara, kwa hiyo nadharia unayo tayari, na sheria yako haitupwi. Hukumu 60 za rufaa zinatosha kwa uchambuzi wa maudhui. Andika kanuni za kuchagua hukumu kabla hujafungua hata moja, la sivyo utaokota zinazokupendeza. Tengeneza jedwali, safu moja kwa kila kigezo, kisha mpe mwenzako hukumu 12 azisimbe, yaani azijazie jedwali hilo, bila kuona majibu yako, na mkokotoe kappa, kipimo cha mnavyokubaliana, kwenye Jamovi, programu ya takwimu ambayo nayo ni bure. Ikitoka chini ya 0.6, usilaumu mwenzako. Maelezo ya vigezo vyako hayaeleweki, hasa cha mwanga. "Taa ya chemli ukutani" ni mwanga wa kutosha au hafifu? Amua kwenye mwongozo, kisha simba upya zote.