Maswali ya Wasomaji: Molekuli za Mkono wa Kushoto na wa Kulia

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu zinagusa jambo moja, nasi tumeona vyema kuzijibu pamoja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbeya. Nimesoma kwamba mkemia wa Uholanzi aitwaye Ben Feringa alipata Tuzo ya Nobel kwa kutengeneza mota ya molekuli, yaani molekuli moja inayozunguka kama mota. Mahali pengine nikasoma kwamba sehemu kubwa ya utafiti wake ni vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemia, vinavyotoa molekuli za upande mmoja tu. Je, mambo haya yanahusiana, au ni kazi mbili tofauti za mtu mmoja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yanahusiana sana, na nimefurahi kwamba umeuliza, kwa sababu maelezo mengi ya kazi yake hutaja mota kisha yakaishia hapo.

Chukua jozi ya kandambili uiweke sakafuni. Ya kushoto na ya kulia zina soli ileile na mikanda ileile, lakini hata uizungushe ya kushoto namna gani, haikai vizuri kwenye mguu wa kulia, kwa kuwa kila moja ni sura ya mwenzake katika kioo. Molekuli nyingi zenye kaboni ziko hivyo, na upande wa kila sura ndio tunaouita mkono wake. Louis Pasteur alilionyesha jambo hili mwaka 1848, alipochambua kwa mkono, punje baada ya punje, fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, akazitenga katika mafungu mawili yaliyopinda mwanga pande mbili zinazopingana. Pua zetu pia zinaijua tofauti hiyo. Molekuli iitwayo karvoni ikiwa ya mkono mmoja ndiyo inayotoa harufu ya nanaa, na ikiwa ya mkono wa pili ndiyo inayotoa harufu ya kisibiti, ingawa atomi ni zilezile, kwa idadi ileile, zimeshikana kwa mpangilio uleule.

Feringa alizaliwa mwaka 1951 katika kijiji cha Barger-Compascuum, mtoto wa pili kati ya watoto kumi wa familia ya wakulima. Alisoma Chuo Kikuu cha Groningen chini ya Hans Wynberg, na shahada yake ya udaktari ya mwaka 1978 ilihusu suala hilihili la mikono miwili. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na Wynberg walikuwa wamechapisha maelezo ya molekuli za ajabu kidogo. Zilikuwa na nusu mbili pana, kama vibao, zilizounganishwa katikati na kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni. Kwa kawaida kifungo cha namna hiyo hutaka pande zake mbili zilale bapa, lakini hapa vibao vilikuwa vipana mno, vikasukumana, na molekuli nzima ikalazimika kujisokota kama parafujo. Parafujo, kama ujuavyo, ina mkono: husokotwa kulia au kushoto.

Hapo ndipo mbegu ya mota ilipo. Baada ya miaka michache katika kampuni ya Shell, Feringa alirudi Groningen mwaka 1984, akawa profesa mwaka 1988, na kundi lake likazigeuza molekuli hizo zilizosokotwa kuwa swichi. Swichi ya molekuli ni molekuli yenye maumbo mawili inayohama kutoka moja kwenda jingine ikipigwa na mwanga. Wewe mwenyewe unazitumia unaposoma ukurasa huu, kwa sababu ndani ya jicho molekuli ya retinali iliyopinda hunyooka inapopata mwanga, na kunyooka huko ndiko mwanzo wa kuona. Katika swichi za Groningen, mwanga ulibadilisha mkono wa parafujo, kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi tena.

Swichi ina kasoro moja ukitaka ifanye kazi ya mota: ikirudi hupita njia ileile iliyojia, kwa hiyo iliyoyafanya wakati wa kwenda huyafuta wakati wa kurudi, kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Mota lazima izunguke upande mmoja. Jawabu lilichapishwa mwaka 1999, na kwangu mimi ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika kisa hiki, kwa hiyo nivumilie nikieleze polepole.

Kwenye kila kibao, karibu na kifungo cha katikati, kulikuwa na kikundi kidogo cha methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu), na mahali kilipokaa palikuwa na mkono maalumu uliochaguliwa na wakemia. Mwanga wa urujuanimno ukiipiga molekuli, kifungo maradufu hulegea, kibao kimoja huzunguka karibu nusu duara, na molekuli hujikuta katika hali ya kubanwa: methili zimesukumwa mahali pasipo na nafasi, na msokoto umegeuka ukawa wa mkono usioupenda. Joto linatosha kuisaidia kujinasua. Vibao hupitana, msokoto hurudi kwenye mkono wake wa awali, na kwa kuwa hali hiyo mpya ina nishati ndogo zaidi, joto peke yake haliwezi kuirudisha nyuma. Ukiipiga mwanga mara ya pili, kibao huzunguka nusu nyingine, hubanwa tena, na joto huinasua tena. Hatua mbili za mwanga na mbili za joto hufanya mzunguko mmoja kamili. Mota ile ya kwanza ilihitaji kupashwa hadi nyuzi 60 za selsiasi ili imalize hatua ya mwisho, lakini mwaka 2014 kundi hilo lilieleza mota inayoweza kufikia mizunguko milioni 12 kwa sekunde.

Angalia sasa ni nini kinachoamua mota izunguke upande gani. Mwanga hutoa nguvu tu. Upande huamuliwa na mkono wa molekuli. Ukitengeneza molekuli hiyo kwa mkono wa pili, itazunguka kinyume. Ukitengeneza mchanganyiko wa nusu kwa nusu, nusu ya mota zitakwenda huku na nusu zitakwenda kule. Kwa hiyo ustadi wa kutenganisha kushoto na kulia ndio uliozaa mota, na ndiyo maana nakataa kuziita kazi mbili.

Mwaka 2011 Feringa na Jiaobing Wang waliziunganisha waziwazi. Walichukua mota wakaifunga kipande kimoja cha kichocheo kwenye kibao cha kwanza na kipande cha pili kwenye kibao cha pili. Vipande hivyo vikiwa mbalimbali, haviwezi kusaidiana, mmenyuko huenda polepole na mazao huwa nusu kwa nusu. Mwanga ukivisogeza karibu katika msokoto wa mkono mmoja, takriban robo tatu ya mazao huwa ya mkono mmoja. Joto likigeuza msokoto, takriban robo tatu huwa ya mkono wa pili. Kichocheo kimoja kikawa na majibu matatu, na anayechagua jibu ni mtu mwenye taa.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa Simanjiro. Bwana mifugo alituambia kwamba levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi, ni nusu ya dawa nyingine ya zamani, ndiyo maana kipimo chake ni kidogo. Je, dawa inawezaje kuwa nusu ya nyingine?

JIBU: Ndugu mfugaji, bwana mifugo wenu amesema kweli. Dawa ya zamani ni tetramisoli, iliyo mchanganyiko wa molekuli za mkono wa kushoto na wa kulia kwa kiasi sawa. Ya kushoto ndiyo inayowapoozesha minyoo, na ya kulia haina nguvu ya maana. Levamisoli ni ile ya kushoto peke yake, na sehemu ya kwanza ya jina lake imetokana na neno la Kilatini la upande huo. Ndiyo sababu kipimo cha kawaida cha tetramisoli kwa mbuzi na kondoo kimekuwa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, na cha levamisoli miligramu 7.5. Dawa hii ikizidi ni sumu, kwa hiyo tafadhali mpime mnyama uzito badala ya kukisia kwa macho, na msichukulie kipimo cha dawa moja mkakitumia kwa nyingine.

Njia ya siku nyingi ya kupata dawa ya mkono mmoja ni kutengeneza mchanganyiko kwanza, kisha kuutenganisha, na hapo nusu ya kazi hubaki mikononi bila faida mpaka igeuzwe au itupwe. Kichocheo chenye mkono huepusha hasara hiyo, kwa kuwa hutoa upande unaotakiwa tangu mwanzo. William Knowles alifungua njia hiyo katika kampuni ya Monsanto, ikatumika kutengeneza levodopa ya wagonjwa wa Parkinson, naye akawa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2001. Mchango wa Feringa katika eneo hili ni familia ya molekuli ziitwazo fosforamiditi, ambazo hushika metali kama shaba au rodi na kuizungushia umbo lenye mkono. Mwaka 1997 kundi lake lilionyesha kwamba shaba iliyoshikwa hivyo inaweza kuunganisha kaboni na kaboni kwa usafi wa mkono unaozidi asilimia 98.

SWALI: Mimi ni mfamasia, Mombasa. Ni wapi mota na swichi hizi zinatumika leo?

JIBU: Ndugu mfamasia, kwenye rafu zako mota haimo. Feringa, Jean-Pierre Sauvage na Fraser Stoddart walipewa tuzo ya mwaka 2016 kwa kuonyesha kwamba mashine za molekuli zinawezekana, na sehemu kubwa ya matumizi bado iko maabara. Kwa taaluma yako, jaribio la kufuatilia ni lile la mwaka 2013, ambapo kundi la Groningen liliipachika swichi ya azobenzini kwenye antibiotiki ya jamii ya kwinoloni. Dawa hiyo huwashwa kwa mwanga kabla ya kutumika, kisha hufifia yenyewe baada ya saa chache, ili isiendelee kuwafundisha bakteria usugu ikishatoka mwilini. Kwa nchi ambazo mtu hununua antibiotiki dukani bila cheti, wazo hilo lina uzito mkubwa.

Jaribio ninalolirudia darasani, hata hivyo, ni la mwaka 2006. Walichanganya kiasi kidogo cha mota, takriban asilimia 1, katika utando wa fuwele kioevu (kioevu ambacho molekuli zake hujipanga kama za fuwele), wakaweka juu yake kijiti cha kioo chenye urefu wa mikromita 28, yaani kirefu kuliko mota yenyewe mara elfu kumi. Walipowasha taa ya urujuanimno, kijiti kilianza kuzunguka, kikaendelea kwa dakika kadhaa, kikasimama. Walipoizima, kikaanza kuzunguka kurudi kinyume.