Hita ikipuliza baridi, shika mipira miwili kwanza

Juni ikishaingia hapa Njombe, malalamiko ya gereji hubadilika. Mteja anakuja asubuhi amejifunika koti hadi masikioni, kioo cha mbele kimejaa ukungu, anakwambia: fundi, hita inapuliza ila upepo ni baridi tupu. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kazi huku nyanda za juu, hasa mliojifunza ufundi Dar es Salaam, ambako mwaka mzima unaweza kupita bila mtu kukuuliza habari za hita.

Joto la hita ni la maji ya injini. Maji yale yale yanayopoza injini hupita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni ikasukuma hewa katikati yake. Kwa hiyo una maswali mawili tu: maji ya moto yanafika kwenye ile rejeta ndogo? Na kama yanafika, hewa inapita hapo?

Jibu liko kwenye mipira miwili ya kupitisha maji inayoingia ukutani, kati ya injini na dashibodi. Pima maji gari likiwa limepoa, maana kupungua kwa maji peke yake kunatosha kuua hita. Halafu washa injini, ipate moto sawasawa, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha iguse mipira hiyo kwa tahadhari, mbali na feni. Yote miwili ikiwa ya moto, maji hayana kosa. Tafuta kebo iliyochomoka au kile kibao cha ndani kinachoelekeza hewa. Mmoja wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba, au koki ya hita imefungwa kwa yale magari yenye koki. Yote miwili ikiwa vuguvugu, usiguse dashibodi kabisa. Nenda kwenye themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta kubwa hadi injini ipate moto.

Hapo nina kidonda changu. Miaka ya mwanzo, mzee mmoja mfanyabiashara wa viazi aliniletea Noah aliyoinunua Dar. Nilifumua dashibodi siku nzima, nikasafisha, nikarudisha, upepo ukabaki baridi. Kesho yake ndipo nilipofungua nyumba ya themostati nikakuta tupu. Gari lilikuwa likichemsha huko lilikotoka, na fundi aliyelishika akaitoa ili maji yapite tu. Tangu siku hiyo, gari lolote lililotoka joto la pwani nalishuku hapo kabla ya pengine popote.

Bila themostati, maji huenda kwenye rejeta kubwa tangu injini ikiwa baridi, na kwa baridi yetu ya asubuhi injini haifiki joto lake. Inakula mafuta zaidi, oili inachafuka mapema, na hita haina cha kutoa. Iliyokwama wazi inaleta dalili zizo hizo. Basi irudishe, ila tafuta pia chanzo cha kule kuchemsha: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji, gasketi ya silinda hedi. Ukirudisha themostati bila kutafuta chanzo, mteja atachemsha kwenye mlima wa kwanza.

Unapoipima themostati kwa kuichemsha kwenye sufuria ya maji uone kama inafunguka, angalia jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za tambarare havikwambii. Themostati nyingi za Toyota zimegongwa namba 82: huanza kufunguka karibu na nyuzi 82 na kufunguka kabisa karibu na 95. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Usiitupe kwa sababu haikufunguka yote. Ndani ya gari maji yako chini ya shinikizo la mfuniko wa rejeta, yanapanda zaidi ya hapo bila kuchemka.

Rejeta ndogo iliyoziba mara nyingi imeuawa na maji ya bomba yaliyojazwa miaka bila kulanti, ile dawa ya kupoza injini. Chomoa mipira yote miwili, ingiza maji kwa upande wa kutokea, kwa nguvu ndogo, hadi yale ya kahawia yawe safi. Kompresa weka mbali, inapasua. Ukijaza upya, weka hita kwenye joto, inua pua ya gari, acha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, na ngoja mapovu yaishe, kwani hewa iliyonaswa hukaa palepale kwenye hita. Mfuniko wa gari lililokwisha pata moto usiuguse. Nimeona mkono wa kijana mwenzetu ulivyobabuka.

Zulia la upande wa abiria likiwa limelowa na ndani kuna harufu ya utamu, rejeta ndogo inavuja. Wengine huunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba na kuiruka hita. Kwa safari ya kufika nyumbani nakubali, lakini mwambie mwenye gari na uandike kwenye risiti, ili fundi atakayefuata asifumue dashibodi bure. Na kulanti iliyomwagika ioshe mara moja. Ni tamu na ni sumu. Mbwa wa gereji huilamba.