Wanasheria wapya, ulizeni ridhaa kabla ya umri

Wiki hii nimerudisha rasimu ya nne inayodai kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta ndoa za utotoni nchini Tanzania. Wadogo zangu, nawapenda, lakini someni.

1. Sheria hiyo ilitamka kuwa mtoto ni aliye chini ya miaka 18, ila kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kikabaki palepale: mvulana 18, msichana 15, na kwa ruhusa ya mahakama hata 14. Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Julai 2016, na rufaa ya Serikali ikagonga mwamba Oktoba 2019. Basi mkifika kwenye umri, angalieni tarehe ya ndoa, kama ni kabla au baada ya hukumu hizo.

2. Msichanganye ndoa ya utotoni na ndoa ya kulazimishwa. Somo hili nililipata kwa aibu. Mwaka 2013 mama mmoja aliniletea daftari la shule la binti yake, ambalo kurasa zake za nyuma ziliorodhesha ng'ombe wa mahari kwa kalamu nyekundu. Nilipanda basi na Sheria ya Mtoto kwapani, nikahutubia ofisi ya kata kuhusu umri kwa karibu nusu saa. Mzee wa upande wa bwana harusi alinisikiliza hadi mwisho, akafungua Sheria ya Ndoa, akasoma kifungu cha 13, kisha cha 17 kinachotaka ridhaa ya baba, akauliza: "Mwanasheria, binti ametimiza kumi na mitano na baba ameridhia. Una lingine?" Sikuwa nalo. Kumbe kifungu cha 16, kilichotangulia hicho cha baba, kinataka ridhaa ya hiari ya kila mwanandoa, na cha 38 kinaibatilisha ndoa isiyo nayo. Ridhaa ya baba ilikuwa nyongeza tu, haikuwahi kuwa badala ya ile ya binti. Naye alikuwa nje kwenye benchi, ndala mkononi, na hakuna aliyemwuliza neno, mimi nikiwa wa kwanza.

3. Mnaponukuu kosa la kubaka chini ya Kanuni ya Adhabu, kumbukeni msamaha uliomo katika kifungu cha 130: kigezo cha umri hakimbani mume ambaye mke wake ametimiza miaka 15.

4. Maelezo ya binti yachukuliwe akiwa peke yake, kwa maneno yake mwenyewe, na asiandikiwe "kama alivyoeleza mama". Katika jalada lile la 2013, ndivyo nilivyoandika.