Uso mweusi, maandishi yaliyokatika: ushauri kwa wanaopiga picha treni za Uingereza

Msomaji mmoja anayeishi Reading, mji ulio magharibi mwa London, amenitumia picha zake za treni za kijani za kampuni ya Great Western zikipita mbio kwenda London. Anga limeungua likawa jeupe tupu, uso wa treni umekuwa mweusi, na pale ubavuni panapoandikwa mwisho wa safari herufi zimekatika nusu nusu. Anauliza anunue lenzi gani. Asinunue kitu. Lenzi aliyo nayo inamtosha, na hayo mawili yanayomkera yana sababu zinazojulikana, ambazo nitazieleza kwa kirefu kwa sababu picha kama hizo naziona kwa karibu kila anayeanza.

Kwanza jua, kwa kuwa sisi tuliokulia pwani tunakuja huku na mazoea yasiyotusaidia. Dar es Salaam au Mombasa jua la mchana hukaa karibu na utosi, na katika mwaka huhamia kaskazini kisha likarudi kusini. Uingereza jua la mchana liko kusini mwaka mzima, tofauti ni kimo tu. London mwezi Desemba hupanda nyuzi 15 peke yake. Mwezi Juni hufika nyuzi 62. Na saa zikishasogezwa mbele kwa kiangazi, jua hufika kusini kamili karibu saa saba, si saa sita.

Sasa chukua reli ya kutoka stesheni ya Paddington, London, hadi Reading. Kwa sehemu kubwa inalala mashariki na magharibi. Ukisimama kaskazini mwa reli mchana unapiga upande wa kivuli, hata kamera iwe ya bei gani. Simama kusini. Kisha angalia treni inaelekea wapi: asubuhi zinazokwenda London zinalitazama jua, kwa hiyo uso wake unang'aa, alasiri ni zamu ya zinazotoka London kwenda Bristol, Cardiff na Penzance. Kwenye reli ya kaskazini na kusini, kama ile ya kutoka King's Cross, London, kwenda York na Newcastle, asubuhi simama upande wa mashariki na alasiri upande wa magharibi. Mchana kati, piga zinazoshuka kusini. Zinazopanda kaskazini zimelipa jua kisogo.

Msimu nao una lake. Jua la juu la Juni huangaza paa na kuacha magurudumu na vyuma vya chini gizani, hivyo fanya kazi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Majira ya baridi mwanga wa ubavuni ni mzuri kutwa nzima, lakini vivuli ni virefu mno. Mtaro wa Sonning, mashariki mwa Reading, ambamo reli inapita, ulichimbwa hadi kina cha karibu mita 18. Kwa jua la nyuzi 15 ukingo wa kimo hicho huangusha kivuli cha karibu mita 67, na treni yote inamezwa. Pale nenda kiangazi. Desemba tafuta reli iliyo juu ya tuta au kwenye uwanda wazi.

Uso mweusi una sababu ya pili. Kwa miongo mingi treni za Uingereza zilipakwa njano mbele ili wafanyakazi wa njiani wazione mapema. Tangu 2016 treni yenye taa za mbele zinazokidhi viwango vipya inaruhusiwa kukosa njano hiyo, ndiyo maana hizi za Great Western za aina ya 800 na 802 zina pua ya kijani kibichi cha giza. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe, inaona anga jeupe la Uingereza, inapunguza mwanga, na pua inazama. Usiiachie. Weka kila kitu kwa mkono kabla treni haijaja: pima nyasi za kando ya reli zinazopigwa na mwanga uleule, piga picha ya kujaribu, kisha siku ya mawingu ongeza theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili). Inamisha kamera kidogo ili anga lipungue. Taa za mbele zitaungua, ziache ziungue. Kwa treni zenye njano mambo ni kinyume: rangi ile hujaza chaneli nyekundu haraka, kwa hiyo angalia histogramu ya rangi (mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga umegawanyika vipi), usitosheke na ile ya jumla, na upunguze theluthi moja ikigonga ukuta wa kulia.

Sasa kasi. Maili 125 kwa saa ni kilomita 201, yaani mita 56 kila sekunde. Kwa shata (pazia la kamera) ya 1/500 ya sekunde treni inasogea sentimita 11 wakati kamera iko wazi. Kwa 1/1000, sentimita 5.6, kwa 1/2000, sentimita 2.8. Ukiipiga ubavuni huo wote unakuwa ukungu kwenye picha. Ukiipiga kwa pembe ya nyuzi 20 kutoka kwenye mstari wa reli, unaoonekana ni kama theluthi moja tu. Ndiyo sababu picha ya robo tatu, uso pamoja na ubavu unaorudi nyuma, imetawala fani hii tangu enzi za filamu. Filamu ya slaidi ya Kodachrome 64 kwenye jua kamili iliruhusu karibu tundu la lenzi la f/5.6 kwa 1/500 tu, na wazee wale walitoa picha kali kwa kuchagua pembe. Wewe mwenye kamera ya kufika ISO 800 (wepesi wa kupokea mwanga) bila chenga huna udhuru: 1/2000 kwa treni ya kasi, 1/1000 kwa ya maili 75.

Usitegemee kubonyeza mfululizo pia. Kwa picha 10 kwa sekunde treni inaruka mita 5.6 kati ya picha na picha, na pale ulipotaka pua ikae panaweza kupitwa. Chagua alama, nguzo au kiungo cha reli, weka fokasi hapo, na bonyeza pua inapoikaribia. Zima shata ya kielektroniki. Kamera inayosoma kihisi kwa 1/30 ya sekunde inaipa treni nafasi ya kusogea karibu mita 1.9 kati ya mstari wa juu na wa chini wa picha, na behewa lililonyooka linatoka limelala.

Herufi zilizokatika zinatokana na taa za LED. Haziwaki mfululizo, huwaka na kuzimika upesi sana, na mbao nyingi za maandishi huwasha mistari yake kwa zamu. Jicho halioni, shata ya 1/1000 inaona, kwani inakamata zamu moja tu. Kwa mbao nyingi 1/125 au polepole zaidi huleta maandishi kamili. Huwezi basi kupata kasi ya 1/2000 na maandishi mazima katika picha moja ya treni inayokujia. Piga mbili: moja ikipita, nyingine imesimama stesheni. Au ifuate kwa kamera ubavuni kwa 1/125, ukizungusha kiuno na si mikono, na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza.

Kwenye jukwaa la stesheni kuna masharti, na sitaki msomaji wangu yeyote ayachezee. Flashi hairuhusiwi kabisa, humpofusha dereva. Kaa nyuma ya mstari wa njano, wewe na miguu ya stendi yako, na stesheni yenye watu wengi acha stendi nyumbani. Usivae jaketi la kung'aa, dereva atakudhani mfanyakazi. Usinyanyue fimbo wala ngazi chini ya nyaya: zina volti 25,000, nazo sasa zimefika hadi Cardiff. Kusini mwa London umeme uko chini, kwenye reli ya tatu yenye volti 750. Wajulishe wafanyakazi ukifika. Picha za kujiwekea hazina tatizo. Za biashara zinahitaji kibali.

Ratiba itazame kwenye tovuti ya Realtime Trains. Kila safari ina namba ya alama nne, yaani tarakimu, herufi, kisha tarakimu mbili: inayoanza na 1 ni ya haraka, 2 ni ya kawaida inayosimama vituo vingi, 5 ni mabehewa matupu, 0 ni kichwa peke yake. Ukiona 1Z, hiyo ni safari maalumu, na mara nyingi ndiyo yenye kichwa cha mvuke. Mvuke wa kawaida kwenye reli kuu ulikoma Agosti 1968. Hizi za leo nyingi haziruhusiwi kuzidi maili 75. Zipige zikipanda mlima. Zikishuka, dereva amefunga mvuke na bomba halitoi kitu. Kutoka Settle kwenda kaskazini reli inapanda futi 1 kwa kila 100 hadi Blea Moor, na karibu na mwisho wa mpando huo kuna daraja la Ribblehead lenye matao 24. Asubuhi simama mashariki yake, mlima Whernside ukiwa nyuma ya matao. Siku ya baridi moshi hutoka mweupe na mnene. Simama upande upepo unakotoka, la sivyo moshi utashuka ufunike mabehewa yote.

Stesheni zenyewe ni rahisi zaidi. Paa la mhandisi Barlow kwenye stesheni ya St Pancras, London, la 1868, lina upana wa karibu mita 73 bila nguzo katikati: simama kwenye mstari wa kati, kamera isawazike kabisa, lenzi ya milimita 20 hivi, na piga mara tatu kwa stopu mbili chini na mbili juu kwa ajili ya vioo. Newcastle, panda ngome ya kale asubuhi. Makutano ya reli yako chini yako na jua liko mgongoni.

La mwisho linaniuma kila ninapopekua picha za zamani: nzuri, kali, na nyuma hakuna hata tarehe. Andika siku hiyohiyo namba ya treni, namba ya safari, mahali, na inakoelekea. Vichwa vya treni tangu mwanzo wa miaka ya 1970 vina tarakimu tano, na mbili za kwanza ni aina yake: 37, 43, 47. Treni za InterCity 125 zilianza 1976, na zile ndefu za Great Western ziliacha kwenda London Mei 2019; aliyezipiga bila kuandika namba hawezi kurudi kuiangalia. Slaidi za urithi zichanganue kwa dpi 4000 (nukta kwa inchi), faili la TIFF la biti 16. Zikiwa Kodachrome, zima usafishaji wa vumbi kwa infraredi, kwa kuwa rangi ya samawati-kijani (sayani) ya filamu hiyo huizuia miale hiyo na mashine hudhani picha yenyewe ni uchafu. Pangusa kwa puto la hewa, kisha madoa yatoe kwa mkono.