Usiache Fizikia, Chora Atomu Mbili

"Kaka, nimesoma mfungamano wa kwanta mara nne, naambulia patupu. Niache?" Ujumbe huu uliniingia Jumapili usiku na usingizi ukaniruka, maana swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe.

Nilikuwa natetea tasnifu ya uzamili. Mtahini akauliza atomu mbili zinafungamanaje, yaani hali ya moja inaungwaje na ya nyingine, bila kugusana. Nikajaza ubao milinganyo. Akasema, "Hiyo ni milinganyo. Mimi nimekuuliza atomu." Nikakosa neno. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akacheka, na kicheko kile hakijanitoka hadi leo. Nikarudishwa nikajiandae upya.

Nikafunga vitabu, nikashika jaribio moja tu: lile la mwanafizikia Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, na wenzake mjini Paris, 1997. Nilichora vioo viwili sakafuni kwa chaki, vikitazamana. Vyao vilikuwa vya metali iitwayo niobiamu, vimepozwa hadi karibu na sifuri kamili, baridi isiyo na nyingine chini yake. Kete mbili za bao zikawa atomu za rubidiamu, punje ya mchele ikawa fotoni, chembe ya mwanga. Atomu ya kwanza inapita na nishati ya ziada, kwa muda uliopimwa ili uwezekano wa kuacha fotoni kati ya vioo uwe nusu kwa nusu. Ya pili inafuata bila nishati hiyo; ikikuta fotoni, inaibeba. Vioo vinabaki vitupu.

Hapo mchele ukanigomea. Punje ama ipo sakafuni ama haipo. Fotoni ile haikuwa hivyo: kuachwa na kutoachwa vilikwenda pamoja, na atomu ya pili ikavirithi vyote viwili. Ukipima moja ukaikuta na nishati, nyingine haina. Wala usidhani ni kama jozi ya kandambili, kila mguu kwenye boksi lake tangu mwanzo: Haroche na wenzake walipobadili namna ya kupima, atomu ziliendelea kuafikiana. Zimeungwa na mwanga, zenyewe hazijakutana hata mara moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, shika jaribio moja. Lijue mpaka ukilala ulione. Watu wanakariri milinganyo kumi na hawawezi kusimulia atomu moja inapita wapi, msiwe hao. Shikeni moja, jamani, moja! Haroche mwenyewe alikaa na vioo na fotoni miaka mingi kabla ya Nobeli ya 2012.

Niliporudi kutetea, mtahini yule yule akauliza swali lile lile. Sikugusa ubao. Nikatoa kete mfukoni, nikamwomba asogeze faili lake mezani.