Barua kwa Mwanangu: Judith Leyster na Picha Zilizopewa Jina la Mwingine

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba hujambo na kwamba masomo yanaendelea vyema huko The Hague. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Umeniandikia kwamba ulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis, ukasimama mbele ya picha ndogo ya mwanamke anayeshona, iliyochorwa na Judith Leyster, na rafiki uliyefuatana naye akakueleza kwamba mchoraji huyo aliacha kazi alipoolewa, na ndiyo sababu akasahauliwa. Unaniuliza, kwa vile nilifundisha sanaa hadi nikastaafu, kama maneno hayo ni kweli. Kwamba ndoa ilipunguza kazi yake, hilo lina ukweli mwingi. Lakini kusahauliwa kwake ni jambo jingine, na waliolisababisha ni watu waliokuja baada yake.

Leyster alizaliwa katika mji wa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1609, mtoto wa nane wa mtengenezaji wa bia, na jina la ukoo alilojulikana nalo lilitokana na kiwanda cha baba yake, kilichoitwa kwa jina la nyota inayowaongoza mabaharia. Baba alifilisika yeye akiwa bado kijana, na huenda haja ya kipato ilimsukuma katika ufundi huo, ingawa mtu hachori namna ile kwa shida ya fedha peke yake. Mwaka 1628, kabla hajatimiza hata miaka ishirini, mwandishi Samuel Ampzing alimtaja katika kitabu chake cha kuusifu mji wa Haarlem. Mwaka 1633 alikwisha kuwa mwanachama wa chama cha mafundi wachoraji cha Mtakatifu Luka, akiwa mmoja wa wanawake wachache sana waliopata nafasi hiyo katika karne nzima, na uanachama huo ndio uliompa haki ya kuwa na karakana yake na kupokea wanagenzi.

Haki hiyo hakuiacha ichezewe. Mwaka 1635 mwanagenzi wake mmoja alimkimbia baada ya siku chache tu, akaenda kwa Frans Hals, mchoraji mwenye jina kubwa kuliko wote mjini. Leyster alipeleka shauri mbele ya chama akidai ada yake. Mama wa kijana akaamriwa kulipa sehemu ya fedha hizo, na Hals naye akatozwa faini. Kila ninaposikia Leyster akiitwa kivuli cha Hals hukumbuka shauri hilo.

Mwaka uliofuata aliolewa na Jan Miense Molenaer, mchoraji mwenzake, wakahamia Amsterdam. Walipata watoto watano, wawili tu wakafikia utu uzima. Picha zake nyingi tunazozijua ni za kati ya 1629 na 1635. Za baada ya hapo ni chache, mojawapo ikiwa tulipu aliyoichora mwaka 1643 katika kitabu cha picha za maua. Hivyo brashi hakuiweka chini kabisa. Hati zinaonyesha pia kwamba alishughulikia fedha na mali za nyumba yao, na kwa kuwa mume na mke walikuwa na karakana moja, si ajabu kwamba mkono wake upo katika kazi zilizouzwa kwa jina la mume. Alizikwa Heemstede, karibu na Haarlem, mwaka 1660. Mumewe alipofariki mwaka 1668, orodha ya mali iliyoandikwa ilitaja picha kadhaa kuwa ni za mke wa marehemu. Jina lake halikuandikwa, na hapo ndipo ninapoona kufutwa kwake kulipoanza.

Yaliyobaki yalifanywa na soko. Leyster alitia saini herufi J na L zilizounganishwa na nyota, alama ambayo mfanyabiashara asiyejua, au asiyetaka kujua, angeweza kuipita kwa urahisi, kwa sababu picha ya Hals ilikuwa na bei. Picha yake ya mwaka 1630 ya mwanamume na mwanamke wakinywa na kufurahi iliuzwa London kama kazi ya Hals. Mwaka 1893 mtaalamu Mholanzi Cornelis Hofstede de Groot aliitambua ile alama ya nyota na kuanza kumrudishia Leyster picha zake. Shauri la mauzo hayo lilikuwa limefika mahakamani, na lililobishaniwa huko lilikuwa bei. Ubao, rangi na ustadi vilikuwa vilevile, ila thamani ilishuka kwa sababu ya jina. Picha hiyo sasa iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Sasa rudi kwenye ile uliyoiona, ya mwaka 1631. Mwanamume mwenye kofia ya manyoya anamwinamia mwanamke, mkono mmoja begani kwake, mwingine ukimwonyesha sarafu. Wachoraji wa Uholanzi wa zama hizo waliichora sana biashara ya namna hiyo, na kwa kawaida mwanamke hucheka na kupokea. Mwanamke wa Leyster hainui hata macho. Anashona kwa mwanga wa taa. Wapo wataalamu wanaosema kwamba huenda ni uchumba wa halali tu unaoonyeshwa hapo, na siwezi kuwakatalia kabisa, lakini uso ule kwangu si wa mtu anayechumbiwa.

Utakapokwenda Amsterdam, itafute katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum picha ya mwanamume aliyemchora mwaka 1629 akipiga ala iliyo ndugu wa udi wetu wa pwani. Usisome kibao kwanza. Tafuta ile saini, halafu uniandikie ulichokiona katika namna alivyouchora mwanga usoni, kwa maana mimi nimeiona vitabuni tu.

Wasalaam,
Mama yako