Homa baada ya kupandikizwa ini: usikimbilie dawa ya malaria

Mume wangu alipandikizwa ini huko Delhi. Mdogo wake ndiye aliyemchangia kipande cha ini lake. Tangu turudi Mombasa, familia zinazojiandaa kwa safari hiyo hunipigia simu kuuliza gharama na mahali pa kupanga chumba. Nawajibu, kisha nawaeleza jambo ambalo hawakuliuliza: virusi.

Takrolimasi na dawa nyingine zinazozuia mwili kulikataa ini jipya hushusha kinga. Virusi vilivyolala mwilini miaka mingi hupata nafasi ya kuamka. Vinavyosumbua zaidi ni vya sitomegalo, vinavyoandikwa CMV kwenye karatasi za maabara. Wengi wetu tunavyo tangu utotoni bila kujua. Hatari huwa kubwa zaidi pale mchangiaji anapokuwa navyo na mgonjwa hana, maana huingia pamoja na ini lenyewe. Ulizeni majibu ya kipimo cha CMV ya wote wawili kabla ya upasuaji, muyahifadhi.

Mume wangu alipewa valgansiklovia kwa miezi kadhaa kuvizuia. Muda wa kuwa macho hasa ni baada ya kumaliza vidonge hivyo. Kwetu ilikuja homa, uchovu na kuharisha. Duka la dawa la jirani walitaka kutupa dawa ya malaria na antibaiotiki papo hapo. Nilikataa, nikampigia mratibu wa upandikizaji, naye akaagiza damu ipimwe wingi wa CMV. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ikatibiwa mapema. Kupima malaria ni lazima huku Pwani, lakini msiishie hapo. Na antibaiotiki si za kujichagulia: erithromaisini hupandisha takrolimasi kwenye damu hadi ikaumiza figo, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha hadi ini likawa hatarini kukataliwa.

Kama ini liliharibiwa na hepatitisi B, upasuaji hauondoi virusi hivyo. Dawa za kuvidhibiti, tenofovia au entekavia, huendelea, kwa kawaida maisha yote. Nawasihi, mgonjwa asiache hata akijiona mzima kabisa. Hepatitisi C ina nafuu: siku hizi vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya walio wengi.

Kuna suala la chanjo pia. India hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na chanjo hiyo ina virusi hai, kama ya surua na ya tetekuwanga. Akishapandikizwa hachanjwi tena hizo. Zungumzeni na daktari mapema, kwa sababu ikiwa anaruhusiwa, inatakiwa achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya upasuaji. Tangu 2016 cheti hicho hutumika maisha yote, kwa hiyo msikipoteze. Chanjo ya mafua ya sindano haina virusi hai. Sisi nyumbani tunachanjwa sote kila mwaka.

Mgonjwa atembee na karatasi yenye majina ya dawa zake, vipimo vyake vya CMV na namba ya mratibu. Joto likifika 38, namba hiyo ipigwe usiku huohuo.